Hakuna Alama

Kushiro, Jumanne, theluji inaanguka upande upande.
Kiwanda cha karatasi kimefungwa mwaka wa tatu sasa
na bado watu wa mtaa huu wanakiita kazini.
Juu ya ukumbi wa boling, ghorofa ya tatu,
Bwana Orito anawasha mashine zake kumi na moja
kama mtu anayeamsha watoto wa shule:
mmoja mmoja, kwa kofi dogo la mgongoni.

Chizuru Nemoto anapanda ngazi, lifti ilishakufa.
Miaka arobaini na sita, mpasua samaki, zamu ya usiku;
vidole vyake vina harufu iliyoishinda limau.
Begini: taulo, sarafu za yeni mia ndani ya kopo la chai,
na fimbo mbili alizozichonga mwenyewe,
maana fimbo za mashine, asema, ni nzito kama udhuru.

Nilimuuliza siku moja anapendea nini hapa.
(Mimi hukodisha viatu vya boling chini. Nauliza kila kitu.)
Akafikiri mpaka kahawa ikapoa.
"Kiwandani nikikosea najua baada ya wiki mbili,
kwa barua.
Nikipatia, sijui kamwe.
Hii huniambia papo hapo,
na haiweki kinyongo."

Ngoma ya kushoto ni ya Kaname,
miaka kumi na mitano, shule hajaiona tangu Mei.
Miezi mitano majina yao yanapandiana ubaoni,
NEM juu ya KNM, KNM juu ya NEM,
na hawajawahi hata kusalimiana.
Leo foleni imewaweka bega kwa bega.
Wimbo mmoja, ngoma mbili, kasi ya mwisho.

*Nyekundu, gonga kifua,*
*buluu, kingo sumbua,*
*mbili zikija, pasua,*
*usiwaze, utafika.*

*Zinakuja kwa msongo,*
*tatu fupi, kisha pengo,*
*bega, kiwiko, ubongo,*
*ubongo nyuma wafika.*

*Mnyororo mia mbili,*
*mia mbili na thelathi*

Giza.
Mtaa mzima, mpaka taa za bandari.
Skrini imemeza duara zake, wimbo umekatwa shingo.
Nikapanda na tochi kutafuta fyuzi
na kabla sijafika juu nikasikia
du, du, ka. Du, ka-ka.
Mpira mkavu, hauna spika, hauna anayehesabu.
Kila mmoja alidhani ni mikono yake tu
iliyokataa kusimama,
mpaka waliposikiana.

Hapo mvulana akachelewa, kidogo tu.
Na Chizuru akamngoja.
Nusu ya pigo, labda robo, mimi si mjuzi;
lakini miaka tisa nimesikia mashine ile kupitia dari
na haijamngoja mtu hata siku moja.
Nikazima tochi.
Wakaenda hivyo mpaka mwisho,
walipojua wao kuwa ndio mwisho.

Umeme ulirudi saa mbili na dakika ishirini.
Mashine ikafumbua jicho, ikaomba yeni mia
kana kwamba haijawahi kuwaona.
"Ile buluu ya tatu kutoka mwisho umeiruka,"
Kaname akasema. Maneno ya kwanza.
"Nimeiruka," Chizuru akajibu, akijifuta shingo,
akatazama saa, akakimbilia samaki wake.

Kesho yake nikaona karatasi
imebandikwa chini ya ubao wa majina,
mwandiko wa Bwana Orito, wino unavuja:
*Jumanne. NEM na KNM. Walimaliza. Hakuna alama.*
Watoto wanaisoma, wanaangaliana,
wanaingiza sarafu.