Tone Moja, Nakuru

Jerotich aliteka maji kwa kopo la jemu
pale geti la zamani lilipozama,
akalificha chini ya sweta hadi maabara ya shule.

Hadubini yetu ni moja, lenzi yake ina ufa,
kwa hiyo kila kiumbe huzaliwa na kovu.

Tone likafunguka.
Mwani umejisokota kama springi za kalamu,
kijani, hauna mizizi wala haraka.
Mwingine umejijengea nyumba ya kioo
na hauna cha kuficha.
Na huyu, tulimcheka, ana doa jekundu mfano wa jicho
lakini kichwa hana;
mchana anashiba jua,
giza likiingia anakula kama mnyama.
“Mwalimu, huyu ni mmea au mdudu?”
Wepukhulu akakohoa, akafuta ubao uliokuwa mtupu.

Nje, watu wamelipa kiingilio kuwaona heroe.
Rangi yote ile ya waridi
imepikwa humu,
katika ute huu huu wa kijani
tunaoufuta viatuni.

Taa ikazidi joto. Tone likakauka.
Kimebaki kiduara cha chumvi,
na Jerotich anakipulizia pumzi, polepole,
kana kwamba wamelala.