Zamu ya Usiku, Menengai

Saa nane za usiku. Kisima kinapumua.
Usoni mvuke wa ardhi unanichoma,
mgongoni baridi imening'ang'ania
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.

Paji limeshalowa. Mikononi
malaika yamenisimama, si wale wa mbinguni,
ni hivi vinywele tu, vinavyodhani bado nina manyoya
ya kunifunika.
Hakuna niliyemtuma.

Mimi nasoma mshale wa presha, naandika, natia sahihi.
Damu nayo ina daftari lake:
imehama vidoleni, imekwenda kulinda ini,
imeniachia kucha za kijivu
na kalamu isiyoshikika.

Mara vali ikapiga ukelele.

Miguu ilikuwa imesharuka.
Mwili ulikuwa mita tatu kando, nyuma ya lori,
ndipo mimi nikafika, nikihema,
nikauliza: kuna nini?

"Gasketi tu," Cherutich akasema, akatafuta spana.
Masikio yalimwamini. Moyo haukumwamini.
Uliendelea kugonga mbavu
hadi chai ikaota utando kwenye kikombe,
na ulimi bado mkavu kama jivu,
na tumbo, ambalo jioni lililia njaa,
limejikunja kimya, halitaki hata andazi.

Sasa kumekucha, Kiamunyi. Nimevuta pazia.
Jelimo amepanda kitandani na sare yake ya shule,
ameniwekea kidole shingoni.
"Mama, kuna kitu kinatembea humu."
Kipo, mwanangu.
Hakijatoka zamu.