Kijifungu cha Tisa (b)

Marekebisho yameletwa kwa wino mwekundu.
Kazi yangu ni kuyapitisha,
kubofya, kukubali, kubofya,
upepo wa Humber ukitikisa dirisha la ghorofa ya tatu
na Profesa Garside akiuliza kama "huenda" ya ukurasa wa kumi na nne
isiwe "sharti".
Neno moja. Dakika ishirini na tano.
Bwana Thackray anachovya biskuti kwenye chai, inakatika, inazama.
"Huenda," anasema, "ni mlango ulioegeshwa tu."
Anaitafuta biskuti yake kwa kijiko.
Naandika: kikao kimejadili kwa kina.

Lugha yangu haijawahi kuitenga shule na mashaka.
Mtihani ni karatasi, na mtihani ni msiba;
aliyefiwa huambiwa vumilia, dunia mtihani.
Alama ni maksi, na alama ni kovu.
Kukariri ni kurudia darasa,
na kukariri ni kulijua jambo
hata usingizini likutoke mdomoni.
Huko kwa kwanza nilinyimwa.
Huku kwa pili ninako:

*Mwanafunzi atakayepata chini ya arobaini
katika somo lolote, baada ya kurudia mtihani,
masomo yake yatakoma.*

Yatakoma.
Mama alipotuambia "mtakoma",
tulijua mwiko umeshatoka chunguni.

Takwimu: thelathini na nane.
Mengine sitini, sitini na sita, sabini na moja.
Barua ilikuwa na aya mbili na nembo.
Nikaingia kibanda cha simu
(vya Hull si vyekundu, vina rangi ya maziwa yaliyolala),
nikakwangua kadi kwa ukucha, nikapiga Tanga.
Baba alikuwa karani wa mizigo, mtu wa mizani.
"Mbili tu?"
Kimya kikala salio.
"Hizo sabini na moja, haziwezi kuwaazima wenzao hata mbili?"
Nikacheka, kamasi zikinitoka.
Baba, alama si chumvi.

Huu mwaka wa kumi na tisa.
Niliajiriwa kuchapa, nikabaki.
Leo kijifungu kinafutwa, na mahali pake pamewekwa fidia:
somo lililoangukia kati ya thelathini na tano na thelathini na tisa
litabebwa na wastani wa mengine.
Kwao ni neno la kihasibu.
Kwangu fidia hutolewa kwa kilichovunjika,
mfupa, ahadi, siku ya Ramadhani.

Nabofya.
*Yatakoma* linapigwa mstari,
linapauka,
ukurasa unajivuta juu kuziba pengo.

Zitatumika kwa watakaojiunga Septemba.

Kwenye barua pepe kuna kijana, Callum Ozanne, mwaka wa pili,
kemia thelathini na tisa, ameandika mara tatu tangu asubuhi:
samahani kukusumbua tena.
Makarani hawana kura. Wana kalamu, na koo.
"Na waliomo tayari?"
Wote wanageuka, kana kwamba birika limesema.
"Hoja nzuri, Zuwena," anasema Profesa Garside, na anamaanisha.
"Iwekwe kwenye mambo ya kikao kijacho."
Kikao kijacho ni Novemba. Rufaa hufungwa Julai.
Naandika hoja, naandika tarehe zote mbili,
moja chini ya nyingine, ziangaliane.

Saa kumi na nusu. Wanavaa makoti, wanajadili mabasi ya Beverley Road.
Namba ya baba bado imo simuni mwangu.
Kampuni ilishaigawa; siku hizi hupokewa na muuza mahindi wa Korogwe,
mpole, ananijua kwa sauti,
hajawahi kunikatia.

Nitampigia nikifika nyumbani.
Nitamwambia: zinaazimika.
Atanyamaza kidogo, kwa adabu,
kisha ataniuliza ni kilo ngapi.