Jina la Kupanga

Barua zilitangulia mdundo.
Zilianguka mlangoni pale Mtaa wa Lagrange, Toledo,
kabla hata Cordell hajafungua masanduku yake:
Bwana Ansel Whitlow, una deni la gesi.
Bwana Whitlow, umechaguliwa, bahati ni yako.
Bwana Whitlow, kifaa chako cha masikio kiko tayari,
tafadhali njoo ukichukue.

Hiyo ya mwisho aliifungua. Naikumbuka siku,
maana alinipigia simu saa nane usiku,
binamu yangu huyu, katoka zamu kiwanda cha vioo,
vidole vimejaa plasta,
akasema: Renita, kuna mzee huko nje anasubiri kusikia.

Wakati ule kila kijana mwenye kipaza sauti alikuwa mfalme.
Cordell naye alishakuwa mfalme, nabii, na simba,
kwa majina matatu na mabango yasiyolipiwa,
mbele ya watu kumi na wawili, sita kati yao jamaa zetu.
Safari hii akapanga jina kama alivyopanga nyumba:
lina nyufa, lina harufu ya mtu mwingine,
na hakuna aliyekuja kudai kodi.

Tulirekodi kabatini, katikati ya makoti.
Januari ile theluji ilifika kwenye vitasa
na tanuri la chini ya nyumba liliguna kila dakika tisa;
tukalikwepa, tukalihesabia, mwisho tukaliacha ndani.
Jirani wa juu alikanyaga kwa kisigino. Hiyo ndiyo ngoma
unayoisikia upande wa pili, wimbo wa tatu.
Hakulipwa. Hajui mpaka leo.

Na sauti ya Cordell, ambayo miaka yote
ilipanda paa ikawika,
ilishuka. Akaghani kama mtu anayezungumza
na asiyesikia vizuri: polepole, karibu, uso kwa uso,
akirudia vina si kwa mbwembwe
bali kwa kuwa labda cha kwanza hakikufika.
Alighani meno ya mama yake kwenye glasi ya maji.
Alighani kioo kinavyotoka motoni laini kama uji
na kinavyokukata kikishajua kuwa ni kioo.
Umaarufu hakuutaja hata kwa bahati mbaya.

Kaseti sitini. Lebo niliandika kwa mkono wangu,
na kumi na moja nilikosea, nikaandika Withlow.
Ziliuzwa kwa kinyozi, kwenye buti la gari, chini kwa chini,
dola tano, au nne kama umetoka zamu.

Aprili akaja mwanamke kutoka Dayton,
sare ya muuguzi, viatu vya mpira.
Alisikia jina la baba yake redioni, stesheni ya wanafunzi,
usiku wa manane, ikabidi aegeshe gari.
"Baba hakuimba," alisema. "Hata kanisani
alifungua mdomo tu, kwa heshima ya jirani."
Kisha: "Nani aliwaambia habari za masikio?"

Cordell, bingwa wa maneno, alitafuta neno.
Akaenda jikoni, akarudi na barua zote,
zimefungwa kwa kamba ya kiatu,
ile iliyofunguliwa ikiwa juu.
Mwanamke hakukasirika wala hakucheka.
Aliketi juu ya sanduku, akaomba upande wa pili,
akasikiliza kichwa kikiinamia kushoto,
na sijui kama ndivyo alivyo yeye
au ndivyo alivyokuwa mzee.
Alilipa dola tano. Alichagua yenye makosa.

Baada ya hapo madeni yalikoma kuja.
Ikaja bahasha moja tu, stempu ya mbali,
kwa Bwana Ansel Whitlow, mghani.
Cordell aliishika mbele ya taa, akaona mistari mingi,
akasema si yangu hii,
akasema ni yangu,
akaiweka juu ya friji.
Nilipohama mji bado ilikuwa pale, haijafunguliwa,
ikiinuka kidogo kila tanuri lilipoguna.