Kitabu cha Malalamiko

Nilikitundika mwenyewe kwenye msumari wa mlango,
daftari la kurasa tisini na sita,
kalamu nimeifunga kwa uzi wa kushonea magunia
kwa maana kalamu za hapa Namakwekwe zina miguu.
Juu ya jalada niliandika: SEMA UKWELI.
Watu wakausema.

"Stuli ya pili kutoka dirishani inacheza lelemama."
Kweli. Nikaikunjia kadibodi chini ya mguu.
"Mandazi ya leo ni ya jana."
Kweli pia, na ya leo nilikuwa nimeyaficha.
"Tangawizi nyingi, sikuja kutibiwa kikohozi."
"Tangawizi kidogo, au na yenyewe imepanda bei?"
Hao wawili walikaa benchi moja,
wakamiminiwa birika moja.
Mtoto fulani alichora paka.
Wamboga wa boda aliacha namba yake ya simu, bila neno,
kwa yeyote atakayeihitaji.

Lakini kila Ijumaa,
kwa mwandiko uliolala upande kama mpunga uliopigwa na mvua,
mstari mmoja, hauzidi wala haupungui:
"Kahawa ilikuwa baridi. Khainza."

Baridi! Kahawa yangu!
Iliyoteremka kutoka Buginyanya mgongoni mwa punda,
niliyoikaanga hadi nguo zangu za Idi zikanuka moshi,
niliyoimimina ikitoa mvuke
wa kuuficha mlima Wanale wote dirishani!
Ijumaa iliyofuata nilichovya kidole kabla sijampelekea.
Kidole kikavimba.
Jioni nikasoma: "Kahawa ilikuwa baridi."

Basi nikamvizia, kitambaa mkononi,
nikifuta meza iliyokwisha kung'aa.
Kikombe kikatua mbele yake. Kabla hajakigusa
akaja kijana na fomu ya msaada wa karo,
haelewi aandike nini penye "mzazi au mlezi"
ikiwa wote wamezikwa.
Khainza akavaa miwani.
Akaja mama wa nyanya na barua ya manispaa,
akasomewa mara mbili, ya pili polepole.
Akaja fundi viatu, anataka kumwandikia mkewe aliyeko Soroti
barua ya kuomba radhi
isiyokiri kosa.
Hiyo ilikula saa nzima.

Mvuke ulipungua, ukawa uzi, ukakatika.
Maziwa yakaweka utando.
Hakuna aliyemlipa; fundi tu
alimpigia viatu rangi, kimoja, akaitwa na mteja.
Khainza akainywa kwa mikupuo miwili, uso umekunjamana,
akaweka elfu mbili chini ya kisahani,
akaenda mlangoni, akashika kalamu.

Usiku ule umeme ulikatika. Nikawasha mshumaa,
nikamjibu chini ya mstari wake:
"Dada, kahawa haikupoa kwangu. Imepoa kwa watu."
Halafu nikajuta. Mteja hajibiwi hivyo.
Nilitaka kuuchana ukurasa,
ila nyuma yake palikuwa na yule paka.
Wiki nzima nikaiogopa Ijumaa.

Akaja. Akasoma. Akauvuta uzi hadi mwisho wake:
"Najua. Lakini watu hawana daftari mlangoni."

Siku hizi nampelekea kwanza kikombe kitupu,
akiweke mbele yake, kikae,
wenye fomu wakione wajue
kwamba kwenye meza ile kuna mtu anayekunywa.
Birika nalifunika kwa shuka kuukuu
na kulisogeza karibu na makaa.
Anapovua miwani, ndipo namimina.

Jana nilifunga duka mapema nikakimbilia daftari
kama mwanafunzi anayetafuta jina lake ubaoni.
Mwandiko ni ule ule, umelala upande:
"Kahawa ilikuwa moto mno.
Nimeungua ulimi."