Ngazi

Mkutano uliitishwa saa nne, ukaanza saa sita,
kwenye kivuli cha jiwe kubwa nyuma ya ofisi ya mtaa, Mabatini.
Mjusi mwenye kichwa chekundu alihudhuria
bila kusaini daftari.

Mimi ndiye niliyeshika kalamu.
Afisa wa jiji alibandika karatasi ya manila kwenye jiwe,
ikabanduka, akaibandika tena,
akachora mistari mitatu:
vipaumbele vitatu, ndugu wananchi, si vinne.
Mpango una ukomo.

Wakataja kumi na tisa.
Maji, bila shaka. Taa. Choo cha shule.
Bwana Lugata alitaka Mto Mirongo uzibuliwe kabla ya masika,
akakaa, akasimama tena
kutukumbusha kwamba alisema hivyo hivyo mwaka juzi.

Ndipo Nkwimba Masalu, mkaanga furu,
akanyoosha mkono unaonuka mafuta:
"Mimi naomba ngazi."

Ngazi ipi, mama? Ya mtaa au ya kata?
Afisa hakuwa anatania; ndivyo alivyosikia.

"Ngazi ya kukanyaga.
Kule juu tunashuka kwa makalio.
Mwezi wa nne tulimbeba Sayi juu ya mlango wa chumba chake,
uchungu umeshamshika,
watu wanne, mvua, mawe yanateleza kama kambale.
Mtoto alitoka kabla hatujaifikia lami.
Na mlango haujarudi mpaka leo."

Nikatafuta safu ya kuandika.
Kulikuwa na Afya, Elimu, Maji, Barabara.
Nikaandika kwenye Mengineyo.

Basi ngazi ikaanza kupanda ngazi.
Kwenye kamati ya kata ikaitwa njia ya miguu yenye vidato.
Kwa wakuu wa idara ikawa
uboreshaji wa miundombinu ya makazi ya milimani.
Madiwani wakasomewa, ukurasa wa sitini na nne,
katikati ya stendi na dampo, mtu akikohoa.
Ilipofika kwenye fedha ilikuwa imeshachoka:
mita mia mbili zikawa themanini,
themanini zikawa upembuzi yakinifu.

Siwatukani. Vikao vile nimevikalia.
Nimemwona mchumi wa jiji, Bi Kokushubira,
saa tatu usiku, viatu kavua chini ya meza,
akitandika shuka moja juu ya kata zote.
Akivuta huku, kule miguu inabaki nje,
na kila miguu ina diwani wake.

Vuli ikaja bila kuuliza mwaka wa fedha.
Jumamosi moja nikasikia nyundo.
Nkwimba na wenzake wamechanga:
mifuko saba ya saruji,
mchanga wa mtoni, ndoo kwa ndoo, kichwani,
kokoto walizogonga wenyewe, kwa kuwa mlimani
kitu ambacho hatujawahi kupungukiwa ni mawe.
Vidato arobaini na kimoja.
Cha kumi na mbili kimezidi kimo.
Goti langu linakijua.

Juni ikaletwa fomu ya utekelezaji.
Lengo: ngazi.
Hali: imekamilika.
Chanzo cha fedha: nguvu za wananchi.
Asilimia: mia.
Nikasaini. Muhuri ukatoka hafifu,
nikagonga mara ya pili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jana nikapanda kumpelekea nakala.
Aliisoma amekaa kidato cha thelathini,
ziwa lote chini yake, jeupe kama bati jipya,
kidole kikifuata mstari kwa mstari.
Hakucheka penye mia.
"Hapa chini, mwaka ujao, mbona patupu?"

Nikasema patajazwa kwenye mkutano.

Akaomba kalamu.
Akaandika polepole, herufi kubwa, zikavuka kisanduku:
VYUMA VYA KUSHIKILIA, UPANDE WA ZIWA.
Akafikiri. Akaongeza:
NA MLANGO WA SAYI.