Bitana

Siku nne kabla ya Idi nilipaka rangi dari la sebule,
hapa Sib, shingo nimeikunja nyuma mchana kutwa.
Kitu kikalia, ta, upande wa kushoto,
kama uzi ukatikao chini ya mguu wa cherehani.
Nikajipaka dawa ya misuli, nikarudi dukani.
Kanzu kumi na saba zilikuwa zaningoja.

Kesho yake kope la kushoto likalala.
Shinuna akauliza: "Unamkonyeza nani, mzee mzima?"
Tukacheka.

Siku ya tatu finjani ikanitoka mkono wa kulia,
kahawa ikamwagikia kitambaa cha watu.
Nilitaka kusema, lete maji.
Nikasema, lete samaki.
Shinuna hakucheka.

Daktari Ruqayya alikisema Kiswahili cha bibi yake,
cha jikoni na cha kutuma watoto dukani,
hakikuwa na neno la balaa langu.
Basi akashika ukingo wa koti lake, akaufunua:
"Baba, mshipa nao una bitana.
Yako imefumuka. Damu imeingia katikati,
imetuna, imeziba njia,
na tone lililoganda limekwenda juu."

Miaka thelathini na miwili nafumua bitana za watu!
Nilielewa kabla hajamaliza.
Neno la kumwambia hivyo ndilo sikulipata.

Na hii presha haina adabu.
Usiku mia na tisini na nane,
alfajiri tisini; nikiinuka tu, ukuta unanipita.
Ikipanda, inachana.
Ikishuka, kichwa kinalala na njaa.
Kila robo saa mkanda unanibana mkono
kama mteja asiyeamini vipimo,
pima tena, fundi, pima tena.

Sasa niko nyumbani. Dari limebaki nusu jeupe.
Kope limeinuka kidogo. Sindano naiita sindano,
siku nyingine naiita mvua,
Shinuna ananipa ile ile bila kunisahihisha.

Jana Zahor alikuja kuchukua kanzu yake.
Kishada cha shingoni nilikishona mwenyewe,
kwa vidole hivi vinavyosahau,
siku mbili, kazi ya dakika kumi,
na kimekaa upande.
Akakitazama kwenye kioo. Akanitazama mimi.
Akakichovya marashi,
akalipa,
akaondoka nayo mwilini.